Bustani Ipimwe Septemba, Si Aprili

Kila mvua zinapokaribia, tunahimizwa kulima bustani nyumbani. Redio inahimiza, maofisa ugani wanahimiza, kliniki ya mama na mtoto inahimiza, na mashirika yanagawa mbegu. Picha hupigwa Aprili, mchicha ukiwa umefika magotini na kunde zimefunika ardhi. Kaya zinahesabiwa, ripoti inaandikwa, mradi unatangazwa kuwa umefanikiwa. Septemba harudi mtu. Angerudi, katika vijiji vingi vya Dodoma na Singida angekuta matuta yamekauka hadi yamepasuka, na mama aliyepigwa picha miezi mitano iliyopita anakopa mboga gengeni.

Hali hiyo haitokani na uvivu. Inatokana na wazo lililoota mizizi kwa wataalamu na kwa wananchi, mjini na kijijini, kwamba bustani ni ya mboga mbichi tu. Kinachozidi kiuzwe, agawiwe jirani au waachiwe mbuzi. Kukausha ni mambo ya bibi zetu wa miaka ya njaa. Mboga kavu ni chakula cha maskini, haina virutubisho, na pengine ni sumu. Mwenye uwezo hununua sokoni, na umeme ukifika atanunua friji.

Ninalipinga wazo hili lote. Bustani inayolisha familia miezi minne au mitano na kuiacha mwaka uliobaki ni nusu ya bustani, na nusu inayokosekana haiko shambani. Iko jikoni, kwenye wavu wa kukaushia na kwenye ndoo yenye mfuniko. Tumewafundisha watu kupanda, hatukuwafundisha kuweka, halafu tunashangaa ukosefu wa mboga unaporudi kila mwaka katika miezi ileile.

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo hoja ambayo wanaodharau mboga kavu hawaigusi. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600. Kuanzia Mei hadi Novemba karibu hainyeshi kabisa. Anayesema familia ile mboga mbichi mwaka mzima anasema pia, atake asitake, kwamba familia hiyo imwagilie miezi saba. Tupige hesabu. Kwa jua na upepo wa kiangazi cha nyanda za kati, mita moja ya mraba ya mboga inataka kama lita 4 za maji kwa siku. Bustani ndogo ya mita za mraba 20 itataka lita 80, yaani ndoo nne za lita 20. Kwa siku 200 za kiangazi hizo ni ndoo 800. Nani atazibeba? Katika nyumba nyingi ni mama na binti yake, kutoka kisimani ambako foleni huanza alfajiri, au zitanunuliwa kwa muuza maji wa mkokoteni. Matandazo ya nyasi yanapunguza kiu ya udongo, mboji inausaidia kushika unyevu, na maji ya kuoshea vyombo yasitupwe kamwe. Yote hayo yanaweza kuokoa kitalu kimoja au viwili. Bustani nzima hayaiwezi.

Sasa tazama Februari na Machi. Mvua inamwagilia bure. Kunde zinatoa majani kuliko familia inavyoweza kula, maboga yanatambaa hadi njiani, mlenda unaota hata pasipopandwa. Asilimia 85 hadi 90 ya uzito wa majani hayo ni maji. Ukiyaondoa, kilo 10 za majani zinabaki kilo moja na ushei, zinaenea kwenye ndoo, na zikitunzwa vizuri zinasubiri hadi mvua nyingine. Anayekausha kunde Machi anaweka akiba ya mvua, na hakuna tangi la bei nafuu kuliko hilo. Wanaozungumzia kilimo endelevu katika nchi kame wanatuambia tuvune maji ya mvua kwa mabati na mapipa. Ni ushauri mzuri. Jani kavu nalo ni mvua iliyovunwa, nalo linastahili nafasi katika mafunzo hayohayo.

Sehemu ya kosa letu imetokana na kuiga mfano mzuri mahali pasipoufaa. Bustani ya nyumbani inayosifiwa kuliko zote nchini ni kihamba cha Wachaga, na inastahili sifa hizo. Migomba, kahawa, magimbi, maharage na miti ya kivuli hukua kwa ghorofa katika eneo dogo, na samadi ya ng'ombe wa zizini hurudishwa udongoni. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini kihamba kinaegemea Mlima Kilimanjaro, mvua zake na mifereji iliyochimbwa na mababu kuteremsha maji. Mkulima wa huko anaweza kuingia migombani mwezi wowote akatoka na chakula. Kumpelekea Mgogo wa Dodoma mfano huo bila mlima na bila mfereji ni kumpa nusu ya somo.

Wagogo wenyewe walikuwa na somo lao kamili. Mlenda uliokaushwa na kutwangwa kuwa unga unauzwa mpaka leo katika masoko ya Dodoma, na unapikwa kwa muda mfupi, pamoja na karanga, ukaliwa kwa ugali wa uwele au mtama. Wasukuma wana nsansa, majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa. Wana michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza. Mtwara na Lindi wana makopa ya muhogo. Elimu hii ilitungwa na watu walioisoma kalenda ya nchi yao wakajua mvua itakata lini na chakula kitahitajika lini. Kuiita alama ya kushindwa maisha ni kutojua historia yake.

Na hiyo aibu ya mboga kavu imetoka wapi? Dagaa ni wakavu, na hakuna anayeona haya kuwanunua. Papa wa chumvi na ng'onda ni fahari ya meza za Pwani. Tende hufika kutoka Uarabuni zikiwa zimekaushwa, tunafuturia kwa furaha na kumkirimu mgeni. Kule Oman ndimu hukaushwa hadi ziwe nyeusi, na mpishi hodari huziona kiungo cha lazima. Chai tunayoamkia ni jani lililokaushwa. Korea Kusini imeufanya msimu wa familia kukusanyika kutengeneza kimchi, yaani kabichi na mboga nyingine zilizochachushwa, kuwa sehemu ya utambulisho wa taifa, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013. Aibu basi haiko kwenye ukavu. Tumeibandika kwenye mboga kwa sababu mboga hukaushwa na wanawake wa vijijini, nyuma ya nyumba, bila kiwanda na bila tangazo. Hukumu ya namna hiyo humtazama aliyekausha, haitazami kilichokaushwa.

Matokeo ya aibu hiyo yanaonekana barabarani. Pita Ilula, mkoani Iringa, msimu wa nyanya ukiwa umechanganya. Matenga yamepangwa kando ya lami, bei imeanguka, na nyanya zilizoiva kupita kiasi zinaoza. Ingia kwenye duka la jirani, utakuta nyanya za kopo na za paketi. Familia inayolima nyanya inanunua nyanya zilizosindikwa na mtu mwingine, wakati kukata nyanya vipande, kuzinyunyizia chumvi na kuzianika kwenye wavu ni kazi inayoweza kufanyika uani. Mwaka 2011 FAO ilikadiria kuwa karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa, na katika nchi zetu sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea kabla chakula hakijafika mezani. Tanzania ina mkakati wa taifa wa kudhibiti upotevu wa mazao baada ya mavuno, wa mwaka 2019 hadi 2029. Ni hatua ya kuungwa mkono. Lakini upotevu hauanzii kwenye ghala la serikali peke yake. Unaanzia pia kwenye kitalu cha mchicha ulioachwa ukatoa maua kwa sababu familia imechoka kuula.

Nakuja kwenye hoja inayotajwa kwa sauti ya kitaalamu zaidi, kwamba mboga kavu haina kitu. Hapa lipo jambo la kweli. Vitamini C hupotea kwa wingi jani linapokaushwa, na mwenye kutetea mboga kavu asilifiche. Lakini hupotea pia kwenye mchicha uliolala siku mbili gengeni, na kwenye sufuria iliyochemka nusu saa. Tena kiangazi cha Dodoma kina ubuyu, tunda linalokauka lenyewe mtini, na unga wake una vitamini C nyingi. Madini ya chuma, kalsiamu, protini na nyuzinyuzi hazikimbii pamoja na maji, zinabaki ndani ya jani. Vitamini A ndiyo inayohitaji uangalifu. Jani la kijani lina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini huharibiwa na mwanga wa jua unaoipiga moja kwa moja. Majani yaliyotandazwa juu ya bati siku nne juani hupoteza nyingi, ila yaliyokaushwa kivulini hubaki na sehemu kubwa zaidi, na karanga au mafuta yakiingia chunguni mwili huifyonza vizuri. Kwa hiyo mtaalamu aliyegundua kasoro hii alipaswa kusema, "Mama, sogeza wavu wako kivulini." Badala yake tumesikia, "Acha kukausha." Isitoshe, jani kavu linalinganishwa na jani bichi la Machi, ilhali Septemba jani bichi halipo. Ulinganisho wa haki ni kati ya nsansa na ugali mtupu.

Nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajaifanya. Chuma majani laini asubuhi, umande ukishakauka. Yaoshe kwa maji safi. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, mpaka yalegee na kijani chake kikolee, kisha yachuje. Yatandaze bila kulaliana kwenye wavu ulioinuliwa juu ya vigingi, hewa ipite juu na chini. Weka kivulini penye upepo, funika kwa chandarua kuzuia inzi na vumbi, geuza mara kwa mara. Jua likizama ingiza ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja unaweza kurudisha unyevu uliotoka mchana kutwa. Siku za mawingu ndipo kaushio la jua linapoonyesha faida yake. Ni sanduku la mbao lenye bati lililopakwa rangi nyeusi, nailoni angavu juu, na matundu ya kuingizia na kutolea hewa. Fundi seremala wa kijiji analiweza. Kitambaa cheusi kikilala juu ya majani, joto linabaki na mwanga unazuiwa. Jani lililo tayari huvunjika kwa mlio unapolikunja. Likikunjika bila kuvunjika, lirudishe. Lililokauka sawasawa liache lipoe, kisha lishindilie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, uiweke mahali pa giza na pasipo joto.

Wapo watakaosema hatari ni kubwa mno, na hao nawasikiliza kuliko wote, kwa kuwa watu wamekufa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yalisababisha maafa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 wakapoteza maisha. Mwaka 2016 ugonjwa wa namna hiyo uliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Ila tuangalie sumukuvu inatokana na nini. Ukungu unaoitoa hushamiri kwenye nafaka iliyokauka nusunusu, iliyowekwa sakafuni, iliyorundikwa ikiwa na joto. Waliougua hawakudhurika kwa sababu chakula kilikaushwa. Walidhurika kwa sababu hakikukaushwa vya kutosha na hakikutunzwa vizuri. Dawa yake ni elimu ya kukausha iliyo kamili: turubai chini, nafaka ishuke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, magunia juu ya chaga, na chochote chenye ukungu kisiliwe na mtu wala mfugo.

Wala sisemi turudie kila desturi ya zamani kama ilivyokuwa. Mdudu dumuzi alipoingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akitokea Amerika, vihenge vilivyotunza mahindi kwa vizazi vilishindwa naye. Leo ipo mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za nailoni ndani ya gunia. Ikifungwa vizuri, wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa. Ilibuniwa kwa ajili ya kunde, na mwenye kunde, choroko au maharage ya bustani anaihitaji. Na lipo jambo la kukataza waziwazi. Asitokee mtu akachemsha mboga za majani au maharage, akajaza kwenye chupa, akafunga na kuweka kabatini. Penye chakula kisicho na uchachu na kisicho na hewa, bakteria wa botulizimu huweza kutoa sumu inayoua, na mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka ya nyuzi 100. Zinataka joto la nyuzi 121, ambalo hupatikana kwenye chombo maalumu cha shinikizo. Kwa jikoni zetu njia salama zinajulikana. Majani na mizizi tuikaushe. Maembe mabichi, ndimu na pilipili tuvitie achari yenye chumvi na siki ya kutosha.

Basi friji? Aliye nayo aitumie. Lakini mchicha kwenye friji hukaa siku chache, hauvuki miezi mitano. Anayetaka kuuvusha anahitaji jokofu la kugandisha, linalokula umeme usiku na mchana na linaloharibu kila kitu umeme ukikatika kwa siku mbili. Kuhusu soko, mboga za kiangazi hupanda bei kwa sababu ileile inayofanya kitalu chako kiwe kikavu. Mwenye akiba hununua kwa hiari, anasubiri, anachagua. Asiye nayo hununua kwa bei aliyotajiwa. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa mboga iliyokaushwa vizuri neno hilo ni kweli hasa.

Inabaki hoja ya kazi, nayo ni nzito: je, hatumwongezei mama mzigo? Tutamwongezea tukimwachia peke yake. Zamani wanaume ndio waliojenga vihenge. Hakuna sababu wanaume wa leo wasitengeneze kaushio, wasichote maji ya kuoshea majani, wasigeuze wavu mchana. Na mzigo uliopo sasa uhesabiwe pia: safari za kiangazi kutafuta mboga, zile ndoo 800, deni la gengeni. Siku chache za kuanika mwezi Machi na Aprili ni nyepesi kuliko miezi saba ya kuhangaika.

Mataifa yaliyowahi kutegemea bustani za nyumbani kwa dhati hayakutenganisha kupanda na kuhifadhi. Marekani ilipokuwa vitani mwaka 1943 ilikuwa na bustani za familia zipatazo milioni 20, na kampeni iliyohimiza kulima ndiyo iliyohimiza kusindika. Uingereza mwaka 1940 serikali ilivipa vyama vya wanawake sukari ili matunda ya vijijini yawe jamu badala ya kuoza. Sisi wenyewe tuliwahi kufundisha umma kwa redio na vikundi vya kusikiliza, katika kampeni za Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Uwezo wa kufikisha somo kijijini hatujaupoteza. Kenya ilizindua mwaka 2020 mpango wa bustani milioni moja za nyumbani, lengo kubwa na la heshima. Hata hivyo, lengo linalotajwa kwa idadi ya bustani halitaji familia itakula nini mvua ikikata.

Kwa hiyo natoa madai yangu. Kila mradi unaogawa mbegu ugawe pia wavu na ndoo yenye mfuniko. Ofisa ugani anayefundisha kupanda Desemba arudi Machi kufundisha kukausha, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) na Chuo Kikuu cha Sokoine, vyenye ujuzi wa usindikaji, vivipelekee vikundi vya wanawake mafunzo hayo kwa lugha nyepesi. Kliniki iache kuwaambia akina mama kwamba mboga kavu haina kitu, iwaonyeshe ya kivulini ikoje. Wafadhili na halmashauri wakipima mafanikio, wapime kiangazi, kwa kuuliza mboga iliyo chunguni leo imetoka wapi.

Nawe mwenye kunde nyuma ya nyumba usisubiri mradi. Majani yakianza kukushinda, chuma ya ziada kabla hayajakomaa, yapitishe kwenye maji ya moto, yaanike kivulini, na andika tarehe kwenye mfuniko. Anza na ndoo moja. Ifungue baada ya mwezi, unuse, ushike jani. Likiwa bado kavu na lina harufu yake, ongeza ndoo ya pili na mfundishe jirani. Likiwa na ukungu, litupe lote bila huruma, tafuta unyevu uliingilia wapi, kisha rudia.